Nyonga ya Mzee Rudasingwa

Hadassa, mzee Rudasingwa ametuumbua mbele ya mawakili!

Unakumbuka aliteleza dukani hapa Columbus, akavunjika nyonga. Wakili wake alimweleza kwamba sheria ya Ohio imewekea kikomo fidia ya maumivu. Mdogo wake wa Louisville, jimbo la Kentucky, akamcheka: "Si ungeangukia huku kwetu, hakuna kikomo!" Dada yao wa Buffalo, New York, naye akamkaribisha akaangukie kule, nako hakuna kikomo.

Leo, kwenye mahojiano ya kiapo ya kesi yake, wakili wa duka akamuuliza kwa upole, "Mzee, unaendeleaje?"

Akasimama kama yuko kanisani. Akasimama, Hadassa! "Bwana asifiwe! Niko muzima, sina maumivu hata kidogo!"

Hata kidogo! Na kila neno linaandikwa.

Mama Kanyana, mkewe aliyeketi kando yake, akamnong'oneza, "Donc, yaani, Ohio imepunguza fidia, wewe umeimaliza kabisa."

Mzee akaketi, nyonga ikamchoma, akapiga yowe.

Wakili wake akaruka: "Na hilo liandikwe!"