Udongo Wenye Simenti Haulali

Rwimbogo, Cyangugu
Tarehe 30 Agosti 1998

Mpendwa Shangazi Josiane,

Pokea salamu zangu, za Maman na za mdogo wangu Ganza. Hujambo huko Walungu? Mguu wa mwanao Mirindi umepona? Sisi ni wazima, namshukuru Mungu, ila mioyo haijatulia. Milio ya risasi ikisikika huko kwenu ng'ambo ya mto, Maman huacha chakula na kutaja jina lako.

Bado tunalala chini ya shitingi. Maman anasema hatakuita mpaka nyumba isimame, kwa sababu wifi hapokelewi chini ya plastiki.

Chama cha wajane kilitupa zamu ya mashine ya matofali, na mifuko miwili ya simenti. Tulichimba udongo mwekundu, tukauchekecha, tukachanganya na mfuko mzima. Jioni Maman akaumwagia maji na kuufunika kwa majani ya migomba. Nilimkumbusha kwamba fundi alisema tuchanganye kidogo na kufyatua palepale. Akanijibu, "Weye wa masomo! Tangu Bukavu budongo inalala, asubui ndiyo inakubali."

Kweli, matofali ya udongo mtupu hufanywa hivyo. Lakini kulipokucha lundo lilikuwa jiwe. Fundi Anastase aliligonga kwa jembe kama ugali uliokauka, akasema, "Maman Nishimwe, hii bukari umepikia nani? Meno gani itaitafuna?" Watu walicheka, na Maman akacheka nao. Kisha akaenda kuchota maji, akakawia sana.

Mfuko wa pili tumeutumia kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nafinya udongo mkononi na kuudondosha. Ukipasuka vipande vichache, maji yametosha. Sasa matofali yako kivulini, tunayanyunyizia maji yasikauke upesi. Moja tulilitumbukiza ndani ya ndoo, halikuyeyuka. Lakini yanatosha chumba kimoja tu, zamu yetu imekwisha, na mawingu yanakusanyika.

Shangazi, Maman hakunituma kuandika haya. Usingoje nyumba. Maman Honorine, mchuuzi aliyekuletea barua hii, atarudi huku kupitia daraja la mpakani la Rusizi I. Fuatana naye, uje na Mirindi. Aibu ya Maman itapita ukishaketi. Woga wake hautapita mpaka akuone.

Nisalimie Mirindi na jirani yenu Mzee Birindwa. Mungu awatangulie mpakani.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukungoja,
Nishimwe