Kitabu Kikiwa Mapajani Mwangu

Kwa kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku karakanani, ambako vumbi la vioo limeingia mpaka kwenye kalamu hii. Natumaini barua inakukuta mzima, goti limetulia, na wifi anaendelea vizuri na dawa zake za presha. Sisi ni wazima. Vidole vyangu kumi bado vipo vyote, na si kila mkata vioo anaweza kusema hivyo.

Nimepata ombi lako. Umesema muhula ukiisha utamtoa binti shule umlete kwangu ajifunze kazi, kwa sababu amerithi kichwa chako kinachovuja. Umeandika kama utani, lakini umeuandika mara tatu katika ukurasa mmoja. Nilihesabu.

Jibu langu ni hapana. Nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho wa barua. Ukifika huko utakuwa na sababu nzuri zaidi ya kukasirika.

Kwanza nikueleze habari za likizo. Binti alipokuja kwangu zile wiki tatu, nilimwambia anionyeshe kitabu chake cha sayansi. Kaka, kurasa zote zilikuwa za njano. Alikuwa amepitisha kalamu ya rangi juu ya kila mstari, hadi namba za kurasa. Nikamuuliza kama alikuwa anasoma kitabu au anapaka ukuta. Akacheka, akasema mwalimu aliwaambia watie rangi yaliyo muhimu, naye akaona yote ni muhimu. Nikamwambia asome kurasa mbili, kisha nikachukua kitabu nikamuuliza maswali kumi na mawili. Akajibu manne. Akainama, akasema si unaona shangazi, baba anasema kweli.

Basi nikampa njia yetu. Unaikumbuka? Wewe ndiye uliyeianzisha pale nyumbani. Ulikuwa ukitoka shule unanikuta jikoni nasugua masufuria. Unasoma ukurasa, unafunga kitabu, unanisubiri nifute mikono, unakiweka mapajani mwangu, kisha unanisimulia kwa maneno yako mwenyewe kana kwamba sijui kitu. Ukikwama nakurudishia usome tena. Kesho yake nakuuliza kabla hujakigusa, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Ulikuwa ukiniita Mkaguzi. Ulisema maswali yangu ya kijinga ndiyo yanayokufanya uelewe, kwa sababu mtu akikuuliza kwa nini, ulichokariri hakikusaidii.

Kwa njia hiyo hiyo nilipata leseni yangu ya ufundi wa vioo. Sikuwa na wa kunishikia kitabu, nikawa navisimulia vioo vilivyoegemezwa ukutani, na angalau vilinitazama. Leo nina mafundi sita, na mashine mpya ilikuja na kitabu cha maelekezo cha kurasa arobaini na nane. Hakuna anayegusa swichi kabla hajanisimulia ukurasa wake. Wananiteta kwamba kwangu hata kuwasha taa kuna mtihani. Wanitete tu. Mwaka wa pili huu, hakuna aliyeshonwa hata uzi mmoja.

Na binti? Siku ya kwanza manne. Siku ya nne tisa. Wiki ya tatu kumi na moja kati ya kumi na mawili. Hicho kichwa hakivuji, kaka. Hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kukijaza, basi.

Lakini siku moja, amekaa juu ya kreti tupu la vioo, aliniuliza jambo. Alisema, shangazi, wakati nasimulia na kitabu kimefungwa, nitajuaje kama huyo aliyekishika ananiambia kweli? Nilikuwa nimebeba kioo cha mita moja na ishirini. Nilikiweka chini taratibu. Nikamjibu atajua akikifungua mwenyewe. Kisha nikatoka nje kunawa uso.

Sasa nikwambie.

Unakumbuka ile Jumapili kabla ya mtihani wako wa kuingia chuo cha utabibu. Wageni walikuja, na baba akawaonyesha sisi wawili. Akasema huyu atakuwa daktari, na huyu atamfulia makoti. Wote wakacheka. Na wewe ulicheka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimetolewa darasa la tano mama alipoumia mgongo, kwa kuwa ilibidi mmoja abaki nyumbani na hakuna aliyeuliza awe nani. Kitabu chako cha kujiandaa na mtihani huo nilikuwa nimekisoma mara mbili ukiwa shule. Nilikijua kukushinda. Sisemi haya ili nijitetee. Au labda ndivyo ninavyofanya, sijui. Miaka ishirini na saba nimejitetea kwa maneno hayo hayo na hayajatosha hata siku moja.

Jioni ile ulinikabidhi kitabu ukanisimulia mzunguko wa damu. Ulisema ateri hutoa damu moyoni na vena huirudisha. Ulisema sawasawa, kaka, bila kukwama, na kitabu kilikuwa wazi mapajani mwangu kikisema hivyo hivyo. Nami nikakuambia umegeuza.

Ulishangaa. Ulisema mbona umesoma hivyo. Nikakujibu kwamba aliyeshika kitabu ni mimi, na kwamba kichwa chako kinavuja. Ukajipiga kibao kwenye paji la uso, ukaanza upya, ukageuza, nami nikakusimulisha mara tatu mpaka ukawa husiti tena. Halafu nikasema mama ananiita, nikaondoka na kitabu. Asubuhi ukaenda zako mtihanini bila kukifungua, kwa sababu uliniamini.

Matokeo yalipobandikwa tulikwenda pamoja, nami nilizisoma alama zako kabla yako. Kumi na nne, kumi na tatu, kumi na tano, kumi na nne, na sehemu ya moyo na damu, mbili kati ya ishirini. Jumla hamsini na nane. Waliopita walianzia sitini. Alama mbili, kaka. Njiani ukasema jambo hili ulikuwa unalijua, hujui lilitokaje kichwani. Nilitembea pembeni yako nikanyamaza. Nilidhani utarudia mwaka unaofuata na mambo yataisha. Hukurudia. Ulisema kichwa chako hakishiki, ukaenda kusukuma vitanda vya wagonjwa katika hospitali ile ile uliyotaka kutibia, na unavisukuma mpaka leo.

Kichwa chako kilishika. Mtu wa kwanza kukwambia kimevuja ni mimi, na nilikuwa nadanganya. Sasa umeliokota neno langu unamvisha mtoto, na hapo ndipo nimeshindwa kuendelea kunyamaza.

Baada ya matokeo ulinipa kile kitabu niwashie jiko. Nilikuambia nimewasha. Kimo ndani ya kifurushi hiki. Fungua ukurasa wa sabini na moja usome mwenyewe, usinisikilize mimi. Kisha mwite binti aje na chake, afunge, akusimulie, na wewe ndiye ushike kitabu. Akipatia, mwambie amepatia. Hilo tu, na kila siku.

Ukitaka kutoniandikia tena nitaelewa. Ukitaka kuja unitukane, karakana iko wazi kuanzia saa mbili asubuhi, na mafundi nitawatuma nje.

Nisalimie wifi sana, na umwambie binti kwamba kalamu yake ya njano aliisahau hapa na simrudishii.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye hakustahili kuitwa Mkaguzi.