Kipande cha Samaki Mbele ya Mama Adau

Mpendwa Mshauri Nabei,

Naomba msaada wako, na naomba barua hii isomwe kwa sauti barazani kama zisomwavyo nyingine, maana aibu niliyopewa nilipewa mbele za watu. Mimi ni Makuei, Mdinka, mwalimu wa shule ya msingi katika kambi ya Kakuma, na nimemposa Adut, binti wa Mama Adau, na wajomba zake walikwisha kunikubali, mpaka Jumamosi ile tulipokwenda Lodwar kula chakula cha Kijapani.

Yupo fundi wa visima, Mjapani, Mzee Hayami, ambaye huko kwao baba yake alikuwa na mkahawa wa samaki wabichi, naye kwa kumkumbuka amefungua chumba kidogo katika mtaa wa Kanamkemer, chenye kitambaa cha buluu mlangoni na ubao mmoja mrefu wa kulia, viti sita tu, na yeye husimama upande wa pili akikata samaki walioletwa ndani ya barafu kutoka ziwani Eliye Springs, akifinyanga wali kwa vidole, akimpa kila mgeni kipande kimoja kimoja mkononi, na haondoki mbele yako mpaka umekila, kwani kwao kipande kinachongojeshwa ni tusi kwa mpishi. Aliyetualika ni Bi. Abigael, ofisa wa ushirika ambaye Adut humfanyia kazi, na kwa wema wake, bila kuniuliza, alimwalika na Mama Adau, akamketisha kwenye kiti kilichogusana na changu.

Mshauri, kwetu mchumba hali mbele ya mama wa binti. Hatafuni, hanywi, hafungui kinywa. Nilimwomba Bi. Abigael niketi nje, naye akacheka: "Mwalimu, nje kuna jua na mbuzi. Humu sote ni ndugu." Mzee Hayami akaninyooshea kipande akasema, "Sasa. Kula sasa." Na Ekal, dereva wa ofisi, ambaye mwenyewe alikwisha kukataa akisema Mturkana mwenye ng'ombe hali samaki hata aliyeiva, akanitania, "Kula, shemeji, kabla mkono wa mzee haujaota mizizi." Nikala. Mama Adau akajifunika uso kwa shuka, akakiacha kipande chake juu ya ubao, akamwambia binti yake, "Adut, inuka. Huyu tumemwona mpaka meno." Wakatoka.

Tangu hapo wajomba wamesimamisha mazungumzo ya mahari, Adut haitikii salamu yangu, na mimi nauliza kwa uchungu, hii ni haki gani? Mama huyu huyu hunikuta kwenye foleni ya mahindi nimebeba gunia langu, naye hajapata kujifunika uso, na ng'ombe wetu wote walibaki upande wa pili wa mpaka, sasa iweje mila peke yake ivuke salama ili ije inivunjie ndoa kwa tonge moja la wali? Nimlaumu nani, na nifanye nini nisimpoteze Adut?

Makuei, Kakuma

*

Mwalimu Makuei,

Pole. Ulitegwa, na waliokutega walikuwa wakitabasamu. Bi. Abigael, najua unasomewa haya: mtu aliyeomba kuketi juani hakuwa akifanya mzaha, nawe ulipaswa kumuuliza sababu. Hata sisi Waturkana tuna mipaka na mama wakwe zetu, nawe waijua.

Lakini wewe, Mwalimu, usijifiche nyuma ya foleni. Kwenye foleni mtu hubeba mahindi, hayatafuni. Mama Adau ameona gunia lako, hakuona meno yako. Tena unaitukana mila kwa kuwa imevuka mpaka. Ulitaka avuke na nini kingine?

Na huyo Mjapani uliyemwogopa, naye yuko ugenini, ameshika desturi ya baba yake mpaka kwenye ncha za vidole. Ungemwambia, "Mzee, huyu ni mama wa mchumba wangu, siwezi kula mbele yake," angekuelewa kuliko wote waliokuwamo. Hukumwambia, kwa sababu dereva alikuwa akicheka.

Jambo moja limeniudhi kuliko yote. Umenieleza samaki, wali na barafu, lakini hukujiuliza Mama Adau alikula nini siku ile. Alisafiri kutoka Kakuma kwa mwaliko, akarudi na njaa ili kulinda heshima yako na ya binti yake, na wewe unauliza habari za haki.

Basi usiende kwake mwenyewe, wala usimtume Adut. Watafute akina mama wa ukoo wako, uwaulize ni mnyama gani hutolewa ili mkwe aruhusiwe kula karibu na mama mkwe, umtoe bila kunung'unika. Kisha nenda kwa Mzee Hayami, mweleze yote, umwombe akuazime kile kitambaa cha buluu. Siku ya kula nyama ya mnyama huyo, kitundikwe katikati, mama upande wake, wewe upande wako. Akishaletewa sahani yake, nyamaza mpaka usikie ameanza kula. Ndipo unawe mikono.