Damu Niliyokataliwa

Kuze, Jumanne, Machi 1997, baada ya Alasiri

Hata sasa naona haya. Daktari anayemtibu kaka Salim, mwenye saratani ya tezi za shingoni na makwapani, alitaka damu ya ndugu zake. Nikajitokeza wa kwanza, nishapandisha mkono wa buibui.

"Mama mmoja, baba mmoja?" akaniuliza.

"Tumenyonya ziwa moja. Mamake alinilea, mimi yatima."

Akanieleza kwa upole. Kinga ya mwili hurithiwa kwa wazazi, na kila mtu ana yake. Ndiyo maana wawili huugua ugonjwa mmoja, wakatumia dawa zile zile, mmoja akainuka na mwingine akalemewa. Ataka kulinganisha damu ya Salim na ya ndugu zake wa baba na mama mmoja, ajue amerithi ipi, ingawa hilo pekee halitamwambia kama atapona. Maziwa hayarithishi kinga hiyo.

Maisha yangu yote sijifuniki mbele ya Salim, maana ziwa lilitufanya ndugu, na leo...

Salim akacheka pale kitandani. "Keti, dada. Damu watoe wasiokuja kunitazama."

Naogopa, ya Rabbi. Kesho nampigia simu Hamadi, mdogo wake aliye Lamu. Hawasemezani mwaka wa tatu huu. Nitamwambia aje, na kama hataki kumwamkua, asimwamkue, bora damu aitoe.