Neno Nililomtafsiria Mzee Salvatori

Ngara, Jumatatu jioni. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi sina raha hata kidogo.

Leo sitaki kujisifu, ingawa kazi yenyewe niliifanya vizuri.

Ijumaa Mzee Salvatori alikuja hapa kwenye duka letu la intaneti na kompyuta yake ya mkononi. Ni mkimbizi, zamani alikuwa mwalimu kwao Burundi, na kila akipata kibali cha kutoka kambini huja kusoma barua za binti yake Nadine aliye Ubelgiji. Safari hii mashine ilikuwa inajikokota, na matangazo ya kamari yanafunguka yenyewe. Nilijua mara moja: spaiwea, programu chafu inayojificha ndani ya mashine.

Niliisafisha kama nilivyofundishwa. Kwanza nilichomoa waya wa intaneti, nikanakili barua zake kwenye flashi bila kusoma hata moja, nikapitisha programu ya kusafisha, nikazima, nikawasha, nikapitisha tena. Hakikupotea kitu. Nikamwambia abadilishe neno la siri, na alipokuwa akiliandika mimi niligeukia ukutani.

Kisha akaniuliza, kwa adabu zake zile, ugonjwa ulikuwa nini.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwa Kiswahili ningesema "programu ya upelelezi", maneno ya kitabuni ambayo hayamnyimi mtu usingizi. Lakini mimi ni Mhangaza wa hapa Ngara na yeye ni Mrundi, lugha zetu za nyumbani zinaelewana, na nilitaka ajisikie yuko kwa watu wake. Nikamjibu kwa Kihangaza, kama siku zote. Kihangaza changu hakina programu, kina wapelelezi tu. Nikamwambia wapelelezi walikuwa wamejificha humo ndani, wanaangalia anachoandika na kupeleka habari zake nje, ila nimewafukuza wote. Nikacheka na kucheka! Yeye hakucheka. Alifunga mashine, akashukuru, akaondoka bila kusoma barua ya Nadine. Nikadhani anawahi gari.

Leo asubuhi mkewe, Mama Nadine, aliingia dukani amelowa chapachapa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Mwanangu, umemwambia nini mume wangu?"

Alhamisi hii walikuwa wapande lori pamoja, warudi kwao Muyinga baada ya miaka yote ya kambini. Ijumaa ileile, kumbe, mzee alipitia ofisini kufuta jina lake kwenye orodha ya wanaorudi. Anasema waliomkimbiza bado wanamfuata, wamefika hadi ndani ya kompyuta, na binti wa intaneti amewaona kwa macho yake. Mama Nadine hawezi kubaki naye. Mama yake mzazi yuko kitandani kule Muyinga na anamwita kila siku.

Nilifunga duka tukaenda kambini wote wawili. Mzee alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yao. Nilimweleza yote upya, kwa Kihangaza na kwa mikono: si watu, ni vitu vya matangazo, vya wafanyabiashara wa mbali wasiojua hata kama Burundi ipo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe uliwatambuaje?" akaniuliza.

"Nilisomea, mzee. Kule Mwanza."

Neno lilipotoka tu nikaona usoni kwake kwamba nimezidisha. Nimesomea wapelelezi! Jamani, mdomo wangu huu.

Alisimama akanipa mkono. "Asante kwa kazi yako, dada," alisema kwa Kiswahili, kile tunachoongea na watu wa ofisini. Miaka yote hajawahi kuongea nami Kiswahili.

Mama Nadine alinisindikiza hadi barabarani. Hakunilaumu, na ningependa angenilaumu. Alhamisi ataondoka peke yake. Aliniomba jambo moja tu, kwamba akishavuka mpaka niwe napita pale kumtazama mzee, maana hana mtu mwingine. Nikakubali harakaharaka, kwa aibu.

Sasa nimekaa nafikiria nilichokubali. Huyu mtu ameacha kurudi kwao kwa sababu anaamini anatazamwa, na mimi ndiye niliyemwambia. Nitapitaje kumtazama?