Viwavi wa Shemeji Zipora

Jumatatu, 6 Januari 2025
Bwana shamba Marwa kaja na pikipiki yake hapa Songwa, kagawa yurea. Kizibo kimoja cha soda kila shina, basi. Nimelima miaka thelathini, leo kijana wa juzi ananipimia mbolea kama dawa ya kikohozi! Mbele za watu nimeitikia vizuri. Jioni nikaweka vizibo vitatu. Mke wangu Lusia kauliza mbona mfuko umeisha upesi. Nikasema upepo.

Jumatano, 15 Januari
Mahindi yangu yamekolea kijani mpaka yanaelekea weusi. Wapita njia wanasimama kuyatazama. Ya shemeji Zipora, mjane wa marehemu kaka yangu, tunayepakana naye kwa tuta moja — ya kawaida tu, majani yamekakamaa. Yeye wakati wa kupanda alifukia majivu ya pumba za mpunga, yale yanayotupwa kwenye matanuri ya matofali. Watu walimcheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Jumapili, 19 Januari
Viwavijeshi! Kila shina wawili, watatu, wanene, wanakula mpaka moyo wa mmea. Kanisani sikwenda. Nimechungulia kwa Zipora: vitobo vidogo hapa na pale, basi. Kwa nini kwangu tu? Haya ndiyo mahindi ya kula mwaka mzima, mimi na Lusia na binti yetu Blessing.

Jumanne, 21 Januari
Nimemkamata Zipora. Alfajiri kaamka, anatia majivu kwenye mahindi yake ya mpakani, shina kwa shina. Anawaswaga waje kwangu! Kijiji kina sheria: ukilishia ng'ombe wako shamba la mtu, unaadhibiwa. Sasa kiwavi si mfugo mdogo tu? Nikaenda moja kwa moja kwa Mwigulu, mwenyekiti wa kitongoji. Nimeshtaki kwamba Zipora kanilishia viwavi.
Mwigulu kauliza kama wana chapa. Hakucheka. Kaandika. Kikao Jumamosi, shambani kwangu. Kanikumbusha kwamba anayemsingizia mwenzake, sungusungu, walinzi wa kijiji, wanamtenga: hasalimiwi, hapewi hata kaa la moto, akifiwa atazika peke yake. Nikasema nina hakika.

Alhamisi, 23 Januari
Nimemkuta Marwa dukani, anakunywa soda. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka — eti kuna mtu huko Kishapu mjini, kazidisha yurea. Kasema huyo kawapikia viwavi pilau. Yurea ikizidi jani linakuwa laini, maji yake matamu, mdudu ananenepa na kuzaa haraka. Majivu ya pumba yana silika, ile iliyomo kwenye mchanga. Mmea ukiinywa jani linakuwa gumu, meno ya kiwavi yanasagika. Na yakitiwa juu yanamkwaruza.
Hakuna aliyeswaga chochote. Nimewaita mwenyewe.
Nikamwambia Lusia yote. Kanitazama sana, kisha kasema: Baba Blessing, nenda kaifute hiyo kesi. Nitakwenda kesho asubuhi.

Ijumaa, 24 Januari
Sikwenda. Nilifika hadi kwenye uzio wa Mwigulu, nikakuta ana wageni. Wageni wenyewe kuku.

Jumamosi, 25 Januari
Wamejaa shambani. Marwa naye kaitwa. Kachuma majani mbele za watu: la Zipora linakwaruza kidole, langu linapondeka kama mchicha uliochemshwa. Kaniuliza kwa adabu, mzee, uliweka vizibo vingapi? Zipora ananitazama. Nikasema ngoja nikaangalie kwenye daftari langu.
Ndiyo niko chumbani. Daftari lenyewe ni hili. Liko wazi pale pa tarehe sita.
Nasikia yote dirishani, shamba linaanzia hapo nje. Mmoja kasema nimekimbia, atengwe leo hii. Zipora kamjibu: mwacheni shemeji yangu, tangu kaka yake afariki nani mwingine amenilimia? Viwavi wakimaliza hapa, yeye na mkewe na mtoto watakula kwangu. Kisha kawatuma watu wakalete majivu yake. Sasa wanayatia kwenye mahindi yangu, shina kwa shina, Lusia yumo, Blessing yumo.
Naona aibu mpaka masikio yanawaka.
Mwigulu kapiga hodi mlangoni, kauliza vipi, Bujiku, umeona? Nimemjibu bado natafuta ukurasa.