Jiwe la Zamu ya Maji

Mjukuu wangu Guyo,

Assalaam aleikum. Huku Chechelesi tu salama. Mbuzi wa mama yako amezaa pacha. Umeniuliza kwa nini anwani ya hifadhidata uliyoiweka kwenye terminali moja, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, haijulikani na terminali ya pili, hata kazi yako ikakwama mbele ya wenzako.

Nilipokuwa msichana tulikuwa na kambi mbili za ng'ombe upande wa Kulamawe. Siku moja baba alitangaza kambini kwetu kwamba zamu yetu ya maji imehamia kisima cha mashariki. Kaka yangu Halkano, aliyekuwa kambi ya pili, aliwapeleka ng'ombe wenye kiu kwenye kisima cha zamani, akarudishwa. Machungu ya siku ile sitayasimulia.

"Mlijua, mkanyamaza?" aliniuliza.

"Tulidhani upepo utakuambia."

"Upepo wenu ni mvivu, dada."

Tangu hapo baba alichora alama ya kisima chenye zamu yetu kwa mkaa juu ya jiwe jeupe la njia panda. Kila mchungaji alilitazama kabla ya kupiga kambi. Aliyekwisha kupiga kambi alirudi kulitazama upya.

Nawe iandike anwani yako katika faili ambalo kila terminali hulisoma inapofunguliwa. Ile iliyokwisha kufunguliwa, iamuru ilisome tena.

Siku hizi jiwe lile hunijia usingizini, likielea katika ukungu wa asubuhi, na nyuma yake nawasikia ng'ombe wa Halkano wakinywa.

Akko wako, bibi yako